Futi Mbili na Nusu za Ugomvi

Kwa karatasi, mwenye nyumba ni mimi. Lakini tangu nitamke kwamba nataka kujenga choo na bafu, nyumba yangu hii ya Kisauni imeota wenyewe kila pembe: mama mkwe, fundi, bwana afya, wakala wa mwenye ardhi, jirani mvuvi mstaafu, pepo mbili za bahari na mji mtukufu wa Makka. Kila mmoja ana kura, na wengine wana kura ya turufu. Atakayenunua simiti ndiye peke yake ambaye hajaulizwa.

Nieleze nyumba yenyewe, maana usipoiona hutanionea huruma. Marehemu baba alijenga nyumba ya Kiswahili, ile ambayo mzaliwa wa Majengo, Likoni au Mlaleo aijua hata akifumba macho: baraza mbele, ukumbi katikati kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa uani, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, na huko uani jiko, bafu na choo. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa akili. Wapangisha chumba kimoja kimoja, wapangaji wote wapita ukumbi mmoja na wapanga foleni kwa choo kimoja, nawe wakaa barazani ukila kodi.

Baba alipofariki, wazee wakakaa kitako. Warithi ni sisi wana wawili wa kiume, mama alikuwa ameshatangulia, kwa hivyo hesabu haikuhitaji mwanachuoni: nusu kwa nusu. Ukuta ukapandishwa katikati ya ukumbi, toka mbele hadi nyuma. Kaka akapata vyumba vitatu vya mkono wa kulia, na choo. Mimi nikapata vyumba vitatu vya mkono wa kushoto, na kisima.

Watu wakanipa mkono wa heri. Kisima, bwana! Maji ya bure! Hakuna aliyeuliza hayo maji nikishayanywa nitayapeleka wapi.

Nilichobaki nacho ni nyumba yenye urefu wa futi 36 na upana wa futi 12 na nusu: futi 10 za chumba, na futi 2 na nusu za ukumbi uliokatwa ubavu. Ukiingia na godoro, aliye ndani asubiri. Na hadi leo, haja zote twazipeleka kwa kaka. Kaka hana neno. Shemeji naye hana neno, ila ana ratiba. Alfajiri nikitokea na kopo langu naye akitokea na lake, twasalimiana kwa heshima zote, twaulizana habari za watoto, na kila mmoja anaomba Mungu kimoyomoyo mwenzake asiwe na haraka.

Basi nikaita fundi. Mafundi wa kwetu hawakosi futi kamba kiunoni, lakini huyu haichomoi. Yeye hupima kwa kidevu. Alisimama mlangoni, akanyanyua kidevu, akakizungusha nyumba nzima, akasema, "Mzee, hii kazi ndogo." Anayejua bei za mafundi anajua kwamba hakuna kazi ghali kama kazi ndogo.

Akaanza na uani, kwa sababu choo cha Mswahili mahali pake ni uani. Hapo ndipo bwana afya, aliyekuwa akipita mtaani na daftari lake, alipotia guu. Aliona kisima. Akasema shimo la choo linatakiwa kukaa mbali na kisima, mita 30 hivi. Mita 30 ni karibu futi 100. Kiwanja changu chote, ukianzia barazani ukamalizia ukuta wa nyuma, hakifiki futi 60. Nikitaka kutii, choo changu kitaangukia chumbani kwa jirani wa tatu, na jirani huyo ana mke mkali.

Bwana afya akanisomesha. Chini ya Kisauni kuna mwamba wa matumbawe, na mwamba huo umejaa matundu na mipasuko. Kinachoshuka kwa mwenzako kinatembea taratibu hadi kwako, na wewe wakitoa kwa ndoo. Ndiyo maana kipindupindu kikiingia mji huu hakibishi hodi kwa wasio na visima peke yao. Nikamuuliza, mbona basi shimo la kaka liko hatua chache tu kutoka kisima hiki hiki? Akanitazama kwa ule upole wa serikali, akasema, "Lile lilikuwako kabla yangu."

Ushauri wake ni kwamba nisichimbe shimo la kunywea maji, nijenge tangi la zege lililofungwa kila upande, lisilovuja hata tone. Vizuri. Lakini tangi lisilovuja hujaa, na likijaa lataka lori la kunyonya, na lori la kunyonya haliingii vichochoro vyetu hata likisukumwa. Kwa hivyo tangi lazima liwe mbele, karibu na barabara. Umeona mambo? Bado sijajua choo chenyewe kitakaa wapi, na tayari nimeshajua kitakachotoka ndani yake kitalala chini ya miguu ya wageni wangu.

Kaka yake mke wangu, anayeishi Changamwe, haya yote huyasikiliza akitabasamu. Mtaa wao umeunganishwa na bomba la maji taka linalokwenda kwenye mitambo ya Kipevu. Yeye hushusha maji, akafunga mlango, akasahau. Kilichobaki ni kazi ya mji. Huku kwetu, na ng'ambo ya feri kule Likoni, nyumba nyingi hazijaliona bomba hilo. Kila mtu anajibebea mzigo wake na kuufukia kwake. Shemeji huyu akija kututembelea hata chai hajaonja atauliza, "Bado tu?" Kisha atakaa kutwa nzima bila kunywa maji.

Fundi akahamia ndani. Akakinyanyulia kidevu kipande changu cha ukumbi, akasema choo cha kuchuchumaa kinaingia hapa bila taabu, mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani. Mama mkwe alikuwa chumbani mlango umefungwa. Alikuja kutoka Lamu kutibiwa macho. Macho yamepona, alhamdulillahi, na sasa anaona kila kitu, hata kupitia mbao. Akauliza kutoka huko huko, "Kimeelekea wapi?"

Ukiitazama ramani ya dunia, Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, sisi kusini kidogo ya Ikweta na wao juu huko. Kibla chetu basi ni kaskazini, moja kwa moja. Na marehemu baba aliweka baraza kusini na uani kaskazini, kwa hivyo ukumbi wote umenyooka kuelekea Makka. Kwa kuswali, hakuna nyumba iliyokaa vizuri zaidi. Kwa kuchuchumaa, ni mtihani. Ndani ya upenyo ule utakaa kwa namna mbili tu, uelekee kibla au ukipe mgongo, na zote mbili mwenye adabu yake huziepuka.

Fundi akasema hilo dogo, tukigeuze kiangalie magharibi. Akapandisha suruali magotini, akachuchumaa kunionyesha. Futi 2 na nusu! Magoti yakagonga ukuta wa chumba changu, makalio yakagonga ukuta wa kaka, na kutoka upande wa pili shemeji akaitika, "Karibu!"

Nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu kutafuta nafuu. Sheikh ni mtu mpole. Akanifahamisha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, katazo lenyewe ni kwa aliye mahali pa wazi. Ndani ya jengo lililojengwa kwa kazi hiyo ipo ruhusa, ingawa kujiepusha ni bora. Nikarudi nyumbani nikitembea kwa mikogo, nikayaeleza yote kama nilivyoyasikia. Mama mkwe akasikia maneno matatu tu: kujiepusha ni bora. Mjadala ukafungwa.

Kisha akaendelea na kwao. Lamu, kwenye zile nyumba za mawe za wazee wao, choo hakikuwa uani wala hakikuwa na ugomvi. Kilikuwa ndani, pembeni mwa vyumba, na birika la maji kando yake. Ndani ya birika walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini wakapachika bakuli la kauri kutoka Uchina, ili maji yakipungua samaki wapate pa kupumzikia. Nikamwambia, "Mama, sisi hatuna pa kuweka watu, tutapata pa kuweka samaki?" Akasema hakuwa akizungumza na mimi, alikuwa akikumbuka.

Kijana wangu naye, aliyepelekwa na shule kutazama magofu ya Gede, akaona hapo ndipo pa kuchangia. Ati kule, kwenye mji ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, nyumba zina vyoo vya ndani na mahali pa kutawadhia, vimejengwa kwa mawe mamia ya miaka iliyopita. Mji wenyewe umehamwa tangu karne ya 17, vyoo bado viko. Kijana akanitazama kama anayengoja maelezo. Nilimwambia watu wa Gede hawakugawana ukumbi.

Tukabaki na mbele. Fundi alilipenda wazo hili: tangi liko mbele, choo kiwe mbele, bomba fupi, kazi imekwisha. Kwa maana nyingine, nimege kipande cha baraza. Mke wangu hakupaza sauti. Alisema tu, "Babake, wageni wa Idi wakija utawapokea upande gani?" Barazani ndipo tunapopokea posa, ndipo tunapopokea pole, na jioni ndipo kahawa inapopita. Hutaki mtu akuletee posa ya binti yako huku mwanao mdogo anaita kutoka nyuma ya mbao kwamba amemaliza.

Jirani yetu mvuvi, ambaye bahari ameiacha lakini pepo hajaziacha, akaja na hoja yake. "Ukikiweka nyuma," akasema, "kaskazi itakusukumia harufu sebuleni toka Disemba hadi Machi. Ukikiweka mbele, kusi itakusukumia toka Aprili hadi Septemba."

"Na miezi iliyobaki?"

"Hiyo ni maleleji, yakhe. Upepo hauna msimamo. Harufu itakaa papo hapo."

Nilijaribu kutafuta msaada nje ya Kisauni. Simu ya kijana ikaletwa. Huko Tokyo, walipokuwa wakiharakisha hoteli kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1964, walibuni bafu la kipande kimoja: sakafu, kuta na beseni vyatoka kiwandani vimekwisha, vyanyanyuliwa na kuingizwa chumbani. Fundi akakinyanyulia kidevu kioo cha simu, akauliza litapita mlango gani. Huko New York, katika majengo ya kupangisha ya zamani, beseni la kuogea liliwekwa jikoni, na likifunikwa ubao huwa meza. Nikamsomea mke wangu hilo. Akanijibu bila kugeuka, akikuna nazi: "Weka nikuone."

Kupanda juu ndilo jambo ambalo kila mtu husema upesi na kuliacha upesi. Kuta za baba ni za mawe na udongo. Zinabeba mabati kwa mazoea tu. Na hata zingekuwa za chuma, juu na chini vyote vina mwenyewe mwingine, kwa maana sasa yataka nimtaje mwenye ardhi.

Mgeni wa Mombasa husikia "nyumba bila ardhi" akadhani ni kitendawili. Hapa kwetu, tangu Likoni hadi Changamwe, ni anwani. Kuta zako, udongo wa mtu. Asili yake ni kuukuu: ukanda wa pwani wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha ile sheria ya Waingereza ya mwaka 1908 iliyotaka kila mwenye dai la ardhi akajiandikishe. Waliojua karatasi wakaandikisha. Wasiojua wakajikuta wageni walipokuwa wenyeji. Babu hakujua karatasi. Kwa hivyo hadi leo ninalipa kodi ya kiwanja, na wakala wa mwenye ardhi huja kuichukua, amevaa viatu visivyopenda vumbi letu.

Nikamweleza habari ya tangi. Akakunja uso. Ruhusa yangu, akasema, ni ya jengo la muda. Tangi la zege chini ya ardhi si la muda. Nikamwambia vitakavyokuwamo ndani yake ni vya muda kabisa, havitamaliza mwaka. Hakucheka. Nikamuuliza basi: zege ni langu, udongo ni wake, je, ile nafasi tupu iliyo katikati ni ya nani? Akasema hilo lataka kuulizwa. Akaenda, akauliza, akarudi na jibu: likiwa tupu ni la mwenye ardhi, likijaa ni langu. Na nitie sahihi kwamba siku nikihama nitaondoka nalo. Nimetia.

Sasa tuseme yote yamekwisha, choo kimepata mahali. Maji je? Ya kisima ni ya chumvi, yanakula kila koki inayoletwa mbele yake. Ya bomba, Mombasa haina yake hata tone. Yote huja kutoka kwa majirani: Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na Mzima ndani ya Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Maji yaliyosafiri hivyo, si ajabu yakifika Kisauni yamechoka na hayawezi kupanda hadi kwenye mfereji wangu. Viboko wa Mzima wanaoga mchana kutwa, wala hakuna wakala aliyewauliza chochote.

Kwa hivyo mara nyingi sisi tunayanunua kwa mwenye mkokoteni, kwa mtungi, na bei yake inapanda kila anaponusa shida. Mke wangu alitaka choo cha kukaa, cha kubonyeza kitufe, kama alichokiona kwa kaka yake Changamwe. Nikamfanyia hesabu. Choo chenye tangi la lita 9, na mtungi wa lita 20: unabonyeza mara mbili, na zinabaki lita 2 za kutawadhia. Nyumba yetu ina watu saba na mama mkwe ambaye anapenda tikiti maji. Tukakubaliana kuchuchumaa. Kopo moja linatosha, na chumvi haina koki ya kula.

Ijumaa baada ya swala tukakaa, nyumba nzima na fundi. Mama mkwe akatetea kibla. Mke wangu akatetea baraza, na jiko. Watoto wakatetea chumba cha mbele, wanakolala na kutazama mpira. Chumba cha kati hakina dirisha. Ukitia choo humo, hewa yake utaitoa wapi, isipokuwa kwenye shuka zetu? Kaka akachungulia kutetea ukuta wake. Kila futi ya nyumba ikasimamiwa na mtu wake. Halafu pakawa kimya, na fundi akakielekeza kidevu kwenye pembe ya chumba cha nyuma, kati ya jiko na mlango wa uani, futi 5 kwa 4, penye meza ninayoandikia safu hii, redio, na kiti ambacho hakuna mwingine anayekikalia.

Hakuna aliyepinga. Kipo pembeni, kina dirisha la uani, kinaelekea magharibi bila kugonga mtu magoti. Mama mkwe akasema hata Lamu kilikuwa pembeni. Hapo ndipo nilipofahamu sheria ya nyumba nyembamba, ambayo haimo katika futi kamba ya fundi yeyote: choo hakiendi panapofaa, kinakwenda pasipo na mtetezi. Nadhani hata miji hupanga hivyo hivyo.

Bomba la inchi 4 litapita chini ya kile kipande cha ukumbi, kitu pekee kilichowahi kuenea futi 2 na nusu, kutoka nyuma hadi tangi la mbele. Fundi anasema bomba halikubali kulala. Lazima literemke inchi moja kila inchi 40. Kwa futi 36 ni karibu inchi 11. Na kwa kuwa chini kuna mwamba usiochimbika kwa urahisi, hizo inchi 11 tutazitafuta juu: choo kitanyanyuliwa jukwaa zima, na mabati ya upande wa nyuma yako chini. Mtu mfupi ataingia wima. Mrefu atainama. Mrefu nyumba hii ni mmoja, naye ndiye anayelipa.

Meza imeshahamia barazani, kwa hivyo mkiona safu hii ina makosa ya herufi, jueni ni wapita njia wanaosimama kunisalimia na kunishauri. Jana alipita dereva wa lori la kunyonya. Alitazama, akapima kwa macho, akaniuliza siku ya kazi mpira wake upite wapi. Nimemwambia akamuulize mama mkwe.